Kazi ya Nyumbani

Nilidhani Bombo nitapewa vidonge.
Bi Shemndolwa akanipa daftari.

"Andika wazo lilivyokuja, usilipambe."
Nikaandika: Mama Rukia hakuitikia salamu,
Makorora nzima inanichukia.
"Ushahidi?"
Nikanyamaza.
Jumanne nikamwona, shavu limevimba,
pamba mdomoni. Jino.

Wiki ya nne akanituma Mgandini:
uliza bei ya machungwa, shukuru, ondoka
mikono mitupu. Kisha uhesabu
waliokucheka.

Usiku kucha nilijicheka mwenyewe, kabla yao.
Asubuhi moyo ulinidunda mpaka masikioni.
Nikauliza. Muuzaji hata hakuinua macho,
alikuwa anatafuta chenji ya mtu.

Waliocheka: sifuri.
Ila nimerudi na machungwa mawili.
Kuondoka bila kununua
bado sijaweza.

Nimeliandika na hilo.