Kanga Zisizo na Jina

Miaka kumi na moja nimelinda vitu vya kuibwa:
nondo, betri za lori, nyaya za shaba.
Mwezi wa tatu wakanipeleka Chang'ombe,
kwenye ghala lililokuwa la sabuni,
nilinde nguo.

Kanga arobaini kambani,
kama za nyumba yenye harusi.
Pindo lipo, mji upo, korosho zimekaa pembeni,
ila pale chini, katika kile kisanduku chembamba
ambacho shangazi yangu husoma kabla ya kuuliza bei,
peupe.
Nikajua wino uliwaishia kiwandani.

Sikudhani Pazi, mwenye kazi yake, akaniuliza,
"Wewe unasomaje, mlinzi?"
Nikamwambia mimi ni wa getini.

Siku ya kwanza walikuja watu tisa.
Ya pili, mama mmoja wa Mtoni Mtongani
akasimama mbele ya ile nyekundu,
akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
"Maneno yetu umeyapeleka wapi?" akafoka.
"Marehemu nilimjibu kwa kanga miaka ishirini na sita.
Sikuwa na mdomo mwingine ndani ya nyumba ile."
Sijui alikuwa analia au ni jasho;
lile bati halina huruma.
Sikudhani hakujitetea. Alimletea kiti.

Jioni, kijana mmoja akaisoma ile nyeusi kwa sauti,
akamtaja mkubwa fulani, na alichokula.
Watu wakacheka, halafu wakatazama mlango.
Neno lile halikuwa kwenye kitambaa.
Alikuja nalo kutoka kwao.

Ya tatu, gari jeupe. Bwana mwenye faili akauliza,
"Zinasema nini hizi?"
"Hazisemi."
"Hazisemi nini?"
Hapo nikacheka, nikajifanya nakohoa.

Akajaza fomu juu ya boneti.
Idadi: arobaini. Rangi: mbalimbali.
Maandishi: kalamu ikaganda.
Akiandika "hakuna", anachukua nini?
Akaandika: "Yanachunguzwa."
Nikatia saini, shahidi namba moja.

Vijana wake wakaanza kuzikunja, wanazikunja kama turubai.
Nani kamwita yule mama wa jana, sijui.
Akamnyang'anya mmoja ile nyekundu:
"Kanga haikunjwi hivyo, mwanangu."
Akaikunja pembe kwa pembe, polepole,
akapiga pasi kwa kiganja,
kisha ya pili, ya tatu,
hata bwana mwenye faili akangoja.
Zilizobaki akazikunja zote yeye.

Sasa nalinda kamba na vibanio themanini.
Mkataba unaisha tarehe thelathini.

Kitabu changu cha zamu kina safu ya "Tukio".
Miaka yote hiyo nimeandika "Shwari",
hata usiku ule walionipiga nondo ya bega.
Usiku huu kalamu ninayo, ina wino,
na mstari nimeuacha mweupe.

Asubuhi msimamizi ameutazama kwa muda mrefu.
Amenirudishia kitabu bila kusaini.