Mama Hakulia

Karatasi arobaini na tatu, Kidato cha Tatu Mashariki,
na katika arobaini na mbili mama analia.
Analia kaburini, machozi njia mbili mbili,
kwa maneno yaleyale, mkato palepale,
hata kaburi limekosewa vilevile, "karubi",
kama darasa zima lilijikwaa kwenye jiwe moja
usiku, likiwa limeshikana mikono.

Nalijua jiwe hilo. Nililiweka mimi.

Mwaka ule karo ya Nanjala ilikuwa imenikaba koo.
Mtu akapiga simu kutoka Eldoreti:
mwalimu, mwongozo, kurasa sitini, wiki moja.
Riwaya nilisoma nusu. Nusu ya pili niliipiga chenga,
mwanzo wa sura, mwisho wa sura,
katikati nikajaza kwa yale ambayo kila mtu anayajua.
Mwana akifa, mama hulia. Nani angepinga?
Stima ilipotea mara mbili, nikaandika kwa tochi ya simu:
maudhui, umaskini, ndoa, ufisadi;
mbinu, kinaya, takriri, tashihisi, mifano mitatu mitatu.
Walinilipa elfu kumi na nane, jina langu wakaliacha nje,
nami nikashukuru kwa yote mawili.

Sasa unauzwa pale stendi ya Webuye
kati ya soksi na chaja, shilingi mia na hamsini.
Asiye nazo hupiga fotokopi ya mwenziwe
kwa Wafubwa, ambako wino ukipungua
ukingo wa ukurasa hufifia,
na msichana ananiandikia kwenye mtihani
"dhamira ya mwandishi ni ku", kisha nukta.
Kanukuu hadi pale mashine ilipochoka.

Riwaya zenyewe zimo stoo. Zililetwa na lori,
bado zinang'aa; ukifungua moja, mgongo unaalika
kama goti la mtu anayeamka.
Na huu ni mji uliopika miti ikawa karatasi,
harufu yake ikitufuata mpaka kitandani.
Karatasi tuliijua kwa pua, kwa tani,
kwa mshahara wa baba. Kusoma ilikuwa kazi ya wanunuzi.

Kisha ya arobaini na tatu. Metrine Nafuna,
mwandiko unaopanda mlima bila mistari.
"Mama hakulia. Alikuwa akichambua maharagwe.
Alipoambiwa aliendelea kuchambua,
ila mabovu akawa anayatia sufuriani
na mazima anayatupia kuku.
Ukurasa wa 171."

Nilidhani amebuni. Nilichukua ufunguo,
nikapita magunia ya mahindi na madawati yaliyovunjika miguu.
Nakala moja tu ilikuwa imelegea,
na ndani yake, palepale, kijiti cha ufagio.
Nikasoma nimesimama. Kuku walikuwemo. Sufuria ilikuwemo.
Usiku ule, katika kitabu, familia ilikula maharagwe mabovu
na hakuna aliyesema neno.
Kengele ya saa nane, nasikia, ililia.

Mwongozo wa kusahihisha unasema:
mama analia, alama mbili.
Niliuandika Jumapili, kwa kunakili ule wa kwanza.

Nikamwita ofisini. Ulisoma lini?
"Nilipopewa adhabu ya kufagia stoo, mwalimu.
Wiki mbili."
Na mwongozo huna?
Akaangalia viatu vyake.
"Ule ni mia na hamsini. Hiki kilikuwa cha bure."
Sikuwa na la kusema. Kalamu nyekundu ilikuwa
imeanza kuvuja kwenye kidole.
Akasogea, akachungulia lile rundo mezani:
"Kwani wenzangu wameandika nini?"

Nilimtuma chaki.
Zilikuwa mbele yetu, boksi zima, halijafunguliwa.