Kapita na Ngazi za Kadutu

Ngazi zetu ni mia moja na kumi na tisa
kutoka mlangoni mwangu hadi barabara ya lami.
Nimezihesabu kwa magoti: beseni tupu nikishuka,
beseni la sambaza nikipanda, saa kumi za alfajiri,
mvua bado haijaamua.

Mbwa wetu hakuzihesabu. Alizishuka
kama maharage yaliyomwagika.
Tulimwita Kapita kwa sababu alitusimamia.
Mbuzi wa Bisimwa walimpisha,
vijana wa kona walipunguza sauti.
Alitangulia hatua tano, akageuka, akanitazama
kama mimi ndiye niliyechelewa kazini.

Novemba akaanza kujikuna. Sikio la kushoto.
Usiku alitikisa kichwa
mpaka masikio yakajipigia makofi gizani.
Nikasema, viroboto. Nikasema, kesho.
Kesho ikaja na ada ya shule ya Nshobole,
kesho nyingine ikaja na paa.
Sikio likanuka kama kasiksi iliyosahauliwa mtungini.

Kisha alfajiri moja dunia ikamwinamia.
Siyo yeye aliyeinama, naapa; ni dunia.
Kichwa upande, macho yanakimbia
kama ya mtu anayesoma barua ndefu kwa pupa,
anazunguka palepale, kushoto, kushoto, kushoto,
akitafuta sakafu inapoanzia.
Akatapika. Akaegemea ukuta wa mabati,
ukalia, naye akauogopa ukuta.

Jirani mmoja: “Amelishwa karuho.”
Mwingine: “Mbwa akipinda shingo, ameona kitu.”
Nshobole, miaka tisa, akainusa ile harufu.
“Mama, humu ndani kumeoza.”

Daktari Zihalirwa alikuja kwa pikipiki kutoka Nguba,
matope hadi magotini. Akachungulia na taa ndogo.
“Nyuma ya kiwambo,” akasema, “kuna kitu kama pimamaji,
ile ya mwashi, yenye tone la hewa.
Ugonjwa umeshuka hadi huko.”

Nilielewa. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi.
Pimamaji yake iliibwa,
akaijenga nyumba hii kwa jicho.
Ndiyo maana bakuli la sombe huteleza mezani,
nasi tumezoea kulizuia kwa kidole.

Matone asubuhi, matone jioni.
Vidonge ndani ya donge la bugali;
alikula bugali, akatema kidonge, tukaanza upya.
Wiki ya tatu harufu ikaondoka.
Woga haukuondoka.

Alikaa juu ya ngazi, kucha zimeng’ang’ania saruji,
akilia taratibu kila niliposhuka.
Mbuzi walijua kabla yetu:
walipita mbele ya pua yake wakitafuna.

Sikumvuta kwa kamba.
Mwaka ule nilipotoka makaburini nikashindwa kutoka nyumbani,
nani alinivuta?
Tulikaa ngazi ya kwanza tukala sambaza, kichwa chake, mkia wangu.
Kesho yake, ya pili.
Kwenye ya arobaini, pale saruji ilipovunjika,
tulikaa wiki nzima. Wapita njia waliniuliza
kama nimeanzisha duka.

Siku hizi anashuka bega likikwaruza ukuta.
Anaweka mguu, anasubiri ngazi ijibu,
ndipo anaweka mwingine.
Kichwa hakikunyooka; daktari anasema huenda kitabaki hivyo.
Mimi ndiye ninayetangulia hatua tano
na kugeuka.

Jana, ngazi ya sitini na kitu,
beberu la Bisimwa lilisimama katikati ya njia.
Kapita akasimama. Akalitazama,
kichwa upande, kama anayelisomea kosa lake.
Hakubweka. Hakurudi nyuma pia.
Beseni lilikuwa tupu, mitumbwi ilikwisha kufika,
wanunuzi wa Nyawera hawana subira.

Nikaliweka beseni chini.
Nikangoja.