Mwendo wa Kilua

Jumapili, Barabara ya Ishirini, Ngamiani.
Vespa tisa, na moja haijakubali kuwaka.
Kilua anaipiga teke, anaibembeleza,
anaitukana Kibondei,
anaipiga teke tena.
Moshi! Tunashangilia kama bibi harusi katoka ndani.

Sheria yetu ni moja: mwenye chombo kichovu ndiye mbele.
Basi tunakwenda Muheza kwa mwendo wa Kilua.
Bodaboda wanatupita wakicheka,
lori la mkonge linatupita,
na pale Pongwe, naapa, muuza mikate na baiskeli yake.
Hakuna anayempigia Kilua honi.

Kilimani waya wa klachi ukakatika.
Mwanamvua akafunua kiti chake: spana, plagi mbili,
kipande cha kitenge, waya wa breki ya baiskeli.
“Huo utafika?”
“Utafikishwa.”
Semhando akamulika tochi, saa tano asubuhi,
ili naye aonekane ana kazi.

Muheza tulikula machungwa mpaka midomo ikawasha,
tukabishana juu ya oili,
juu ya mahari ya Mbelwa,
nani anadaiwa mchango wa Machi.

Kurudi, giza likatukuta kabla ya Kange.
Taa ya Kilua imekufa tangu Ramadhani,
sote twajua, hasemi mtu.
Sheria ikabadilika bila kikao:
wanne mbele, wanne nyuma,
yeye katikati, lami yake nyeupe pe,
akiendesha kwa maringo
kama mtu aliyelipia umeme.