Toa Kidogo

Ukuta wa nyumba hizi za Buruburu
fundi aliubania saruji,
ndipo nikajua, bila kuulizia,
binti wa jirani amefika wapi.

Saa mbili asubuhi wenzake wameshapita na mabegi,
mtaa umebaki na mnunuzi wa vyuma kuukuu, na paka.
Naye Naliaka anaanza: do, re, mi,
kidole cha nne kizito kama mtoto anayeamshwa.
Mimi nakanyaga cherehani. Yeye anakanyaga chake.
Sijui nani anamfuata nani.

Mama yake huandika kila kitu kwenye daftari jeusi
(nililiona siku aliyoniletea mapazia nipinde):
tarehe, ukurasa, makosa mangapi.
Mimi nina daftari la vipimo, kifua, kiuno, urefu wa mkono,
na nyuma yake, pasipo na jina la mteja,
nikaanza kuandika ya kwangu.

Jumatatu. Mkono wa kushoto umechelewa.
Jumanne. Umechelewa, lakini umejua umechelewa.
Jumatano, kimya toka saa nne hadi saa sita.
Hiyo ni hesabu. Hesabu haina sauti
ila kiti kinachosukumwa,
kifutio kinachokwangua karatasi,
na mara moja, kwa hasira: "Wewe X, si ujitokeze tu!"
Nikacheka hadi sindano ikanidunga.

Alhamisi stima ilipotea.
Kinanda chake ni cha stima, kilikufa katikati ya mstari.
Nikangoja.
Nikasikia vidole tu, tak, tak-tak, plastiki kavu,
akaupiga wimbo mpaka mwisho pasipo wimbo.
Pale anapojikwaa kila siku, hakujikwaa.
Au alijikwaa, kimya kikamfichia.
Sikuandika kitu.

Watu huuliza mbona hayuko shule.
Hata mimi niliuliza, kwa ule mdomo wa pembeni
tunaoutumia kwenye foleni ya maziwa.
Mama yake akasema,
"Huko alifika mahali akawa anahesabu vigae vya choo,
mapumziko yote, mlango umefungwa."
Sikuuliza tena.

Jumamosi akaja mwenyewe, na kitambaa cha buluu
cha sketi ya duara, ya kuvaa siku ya mtihani wa piano.
Nikampima kiuno: ishirini na nne.
"Gawanya kwa sita," nikamwambia, nikitandaza karatasi ya kaki,
"unapata nne. Kisha toa kidogo. Hapo ndipo duara linapokatwa."
"Kidogo kiasi gani, anti?"
"Kidogo. Mkono unajua."
Hakuridhika. Akachukua chaki yangu,
akaandika pembeni ya kaki, ulimi nje, akafuta kwa kiganja, akaandika.
"Si sita. Ni sita na kitu, na hicho kitu hakiishi.
Kwa kiuno changu utoe karibu humusi ya inchi."

Nikapima pale nilipokuwa nimeshatia alama.
Humusi ya inchi, au unywele mmoja zaidi.
Miaka thelathini na minane, tangu fundi aliyenifunza kule Ngara
alipolisema neno lile huku pini ziko mdomoni,
nimetoa kidogo kwenye viuno vya maharusi,
vya wanakwaya, vya wajane,
na kumbe kilikuwa na hesabu yake, kinanisubiri.

"Mkono wako uko sawa," akasema, kama mwalimu.
Kisha akautazama wake wa kushoto.
"Huu bado unachelewa. Mstari wa tatu."
"Kiasi gani?"
Akafikiri. Nikaona anataka kunipa namba.
"Kidogo," akasema, na sote wawili tukaangua kicheko
hadi mama yake akagonga ukuta.

Sketi haijapindwa bado. Mtihani ni tarehe kumi na tisa.
Leo asubuhi ameanza
na mkono wa kushoto peke yake, polepole,
nami nimeinua mguu kwenye cherehani
nisimharakishe.