Umelalaje, Akiiki

Nilikuja na saa mbili mkononi,
moja ya kuvaa, moja ya kuuza,
na maboksi kumi na manne ya vipuri vya pikipiki
yaliyokwama Mutukula siku tisa.
Kariakoo mteja ni upepo,
ukipepesa kapita.
Huko nilijifunza kuuza kabla sijaamkiwa,
kuhesabu chenji huku natafuna,
kujibu "poa" kwa mtu nisiyemwona uso.

Fort Portal ikanipokea kwa mvua.
Mwenye nyumba, Mama Kabasinguzi,
nilimwuliza ufunguo uko wapi,
akaniuliza nimelalaje.
Nimelala njiani. Ufunguo?
Na wa nyumbani wamelalaje?
Sijui, sijawaona. Ufunguo?
Kiswahili chao kifupi, salamu zao ndefu.
"Jina lako nani?"
Mwasiti.
"Hilo la kitambulisho. Nauliza la salamu."
Sikuwa nalo.
Akanitazama kama mtu aliyeona mtoto
pekupeku kwenye matope.
Ufunguo niliupata jioni.

Wiki ya kwanza nilipiga hesabu:
salamu moja, dakika nne,
watu sitini kati ya nyumba na duka.
Saa nne kwa siku, zinakwenda bure!
Nikahamia njia ya nyuma, kando ya Mpanga,
na mto nao
unasimama kwenye kila jiwe kulisalimia.

Rusoke, seremala, nilimwagiza rafu.
"Naja sasa hivi."
Sasa hivi yake ina Jumatano ndani,
ina msiba wa shemeji huko Kijura,
ina ng'ombe anayezaa usiku.
Nilimfokea. Mbele za watu.
Hakujibu.
Aliweka msumeno chini, polepole,
kama anaulaza,
akaenda kunywa chai.

Mtaa ukaninyamazia.
Waliingia, wakanunua breki, wakalipa, wakatoka.
Ndiyo mauzo niliyoyaota, ya chapuchapu.
Siku ya tatu nikajikuta
nazisalimia plagi, moja moja, nikizipanga sakafuni.

Sikutubu. Nilichoka tu.
Nikaenda kwa Rusoke na kilo ya sukari,
nikakaa juu ya mbao zake,
nikauliza ndama amelalaje.
"Vizuri, isipokuwa mguu."
Tukauzungumza mguu hadi mvua ikakatika,
mguu wa mbele, wa kushoto,
na miguu mingine yote aliyowahi kuiona.

Jumapili ile Mama Kabasinguzi akanikalisha,
akanilisha karo na firinda,
akafuta mikono, akanipa jina:
Akiiki.
"Sasa hata mtu akikukasirikia
itabidi aanze kwa upole."

Simdanganyi mtu.
Umeme ukikatika bado natukana kwa Kizaramo.
Karani wa manispaa amekalia leseni yangu tangu Machi,
na jina lake la salamu, Araali,
nalitamka meno yamebana.
Daftari la duka halijanenepa.
Saa ya kuuza niliiuza. Ya kuvaa
iko kwenye droo, na nati.

Jana dada yangu Siwatu alipiga.
"Sema haraka, nina mteja."
Umelalaje?
"Nini?"
Nauliza umelalaje. Na goti la mama, limelalaje?
Nikasikia mikokoteni, mtu akinadi soksi,
honi, honi.
"Mwasiti, unaumwa?"
Siumwi.
Akanyamaza. Mteja, nadhani, aliondoka.
Kisha, kwa ile sauti ya tulipokuwa
tukilala mkeka mmoja,
"Kusema kweli," akasema,
"sikulala."

Nikavuta kigoda.