Nafasi ya Kusinyaa

Mzee Mwashambwa alitoka Vwawa na kibogoyo mkononi:
gia ya kinu chake cha kahawa, meno matatu yameng'oka,
imefungwa gazetini kama nusu kilo ya nyama.
"Nitolee nyingine," akasema. "Msimu haunisubiri."

Nikamchapia, hapa karakanani Mwanjelwa, kwa unga wa chuma,
unga laini kuliko sembe, ukishikwa na nta,
tabaka juu ya tabaka.
Tundu la ekseli ni milimita ishirini na mbili.
Nikachapa ishirini na sita na nukta mbili.
Akaiona gia mbichi mezani, pana, ya kijivu,
akafurahi. Akalipa nusu.

Sikumweleza.
Juni ya darasa la kwanza, baridi ya Iyunga ikiuma masikio,
mama alininunulia sweta la kufika magotini.
"Utalijaza," akasema. Nikalijaza.
Chuma ni mtoto wa kinyume:
unamzaa mkubwa, motoni anarudi utotoni.

Ya kwanza ilitoka na malengelenge tumboni;
niliharakisha moto, nta ikakosa mlango.
Ya pili, mguu uling'ang'ania sahani
huku kiwiliwili kikijivuta.
Tundu likawa yai.
Usiku ule nikaandika daftarini:
kimo hunywea kuliko upana, kiongezee.
Na chini yake, kwa kalamu iliyokuwa inaisha wino:
moto haubishaniwi, unapigiwa hesabu.

Udongo uwahi ungali maji, tulifunzwa.
Unga nao uuwahi ungali namba,
haujaonja digrii elfu moja na mia tatu.

Ya tatu niliiketisha kwenye kigoda cha unga ule ule,
kisinyae nayo, unywele kwa unywele,
kama wawili waliobeba gunia moja la viazi
wakiteremka Igawilo.
Nikaomba umeme usikatike.
Haukukatika.

Mzee akaja Ijumaa, vumbi la Vwawa viatuni.
Akaigeuza kiganjani, akaigeuza tena.
"Mbona ndogo? Siku ile nililipia kubwa."
Nikampa ekseli yake mwenyewe.
Ikaingia bila nyundo,
ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayekubali shingo upande.

Akaifunga kwenye gazeti lile lile.
Akahesabu nusu iliyobaki, noti moja moja,
kisha akairudisha mfukoni elfu mbili.
"Hii," akasema, "ni ya kusinyaa."